Mifumo miwili katika kompyuta moja: kuweka Linux kando ya Windows bila kupoteza vitabu vya parokia



Katika kitabu cha Ezra, sura ya 2, kuna habari ndogo ambayo wengi wetu huipita haraka. Watu wanarudi Yerusalemu kutoka uhamisho wa Babeli, na majina yao yanahesabiwa, jamaa kwa jamaa. Baadhi ya wana wa makuhani wanatafuta majina yao katika kitabu cha nasaba, lakini hayaonekani. Kwa sababu hiyo wanatengwa na kazi ya ukuhani (mstari wa 62). Huenda walisema kweli, lakini kitabu hakikuwashuhudia.

Leo, katika parokia zetu nyingi, kitabu hicho kimo ndani ya kompyuta ya katibu. Humo mna majina ya waliobatizwa, ndoa zilizobarikiwa, barua za washiriki waliohama, hesabu ya sadaka. Tunaishi katika eneo ambalo watu wanakimbia usiku na kuacha kila kitu nyumbani. Baada ya miezi mtu anarudi, hana karatasi hata moja, anaomba cheti cha ubatizo au cha ndoa. Katibu anafungua mashini yake, anatafuta jina. Likionekana, mtu yule anapata ushuhuda wa maisha yake. Lisipoonekana, analia.

Kwa hiyo, tunapoandika hapa namna ya kuweka mfumo wa pili katika kompyuta, hatuwaandikii tu vijana wanaopenda mashini. Tunawaandikia pia wachungaji, makatibu na wazee wa kanisa wenye kulinda vitabu hivyo.

Kosa letu wenyewe

Tuanze na kuungama. Mara ya kwanza tulipofanya kazi hii, katibu wa parokia moja alituletea kompyuta yake iliyokuwa nzito sana na yenye virusi vingi. Sisi tulikuwa tumesikia habari za Linux, tukafurahi kumsaidia. Tuliwasha, tukaendelea haraka haraka, na pale mashini ilipouliza swali la maana kuliko yote, tukachagua mstari wa juu bila kuusoma vizuri. Mstari ule ulisema kufuta diski yote. Baada ya nusu saa kompyuta ilikuwa nyepesi na safi. Ilikuwa safi kabisa, hata vitabu vya ubatizo vya miaka sita havikuwamo tena.

Vitabu vya karatasi vilikuwepo kwa miaka minne ya kwanza. Kwa miaka miwili iliyofuata, katibu alikuwa akiandika katika kompyuta peke yake. Tulitembea nyumba kwa nyumba kuomba kadi za ubatizo ili tuandike upya. Jamaa nyingine zilikuwa zimekwisha kuhama, na majina yao hatujayapata mpaka leo.

Katibu yule alitusamehe. Lakini tuliahidi mbele yake kwamba hatutamfundisha mtu yeyote kazi hii bila kumwonyesha kwanza mahali tulipoanguka. Ndiyo sababu ya makala hii.

Mfumo endeshi ni nini?

Kompyuta ina chuma na ina akili ya kukiongoza. Akili hiyo, inayowaka kabla ya programu nyingine zote, ndiyo mfumo endeshi. Ndiyo inayoijulisha skrini nini cha kuonyesha, inayosoma vidole vyako kwenye kibodi, inayopanga mafaili katika diski. Bila yake, Word haifunguki, wala muziki hausikiki.

Kompyuta nyingi za kwetu zinakuja na Windows ya kampuni ya Microsoft. Lakini Windows si mfumo peke yake. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo mwingine, akawaruhusu watu wote kukisoma, kukitumia na kukirekebisha. Kiini hicho kinaitwa Linux. Juu yake watu mbalimbali wamejenga mifumo kamili. Mmoja unaojulikana ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la kwetu Waafrika: ni ndugu wa neno letu «utu». Na ndugu zetu wanaosema Kirundi na Kinyarwanda wanajua kwamba «ku buntu» ni kupewa kitu bure, na kwamba katika Biblia zao neno hilo ndilo neema.

Kutoka Ubuntu umetokea mfumo mwingine unaoitwa Linux Mint. Huo ndio tunaoufundisha hapa, kwa sababu sura yake inafanana na Windows na mtu aliyezoea Windows hapotei.

Kuweka mfumo wa pili maana yake ni kugawanya diski ya kompyuta kama mtu anavyogawanya nyumba kwa ukuta. Upande mmoja anakaa Windows na vitu vyake vyote, upande mwingine anaingia Linux. Ukiwasha kompyuta, inakuuliza: leo unataka kuingia chumba gani?

Kwa nini tujisumbue?

Kuna sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni usalama. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Windows 11 haikubali kuingia katika kompyuta nyingi za zamani, kwa kuwa inadai chombo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Na kompyuta za parokia zetu nyingi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Mashini hizo bado ni nzima, ila Windows mpya inazikataa. Linux Mint toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, litapewa marekebisho mpaka mwaka 2029, na inazikubali.

Sababu ya pili ni virusi vya flashi. Wengi mnajua ugonjwa ule: unachomeka flashi iliyotoka sekretariati ya mtaani, na mafolda yote yanageuka kuwa vialama vidogo vyenye mshale. Virusi vya namna hiyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Katika Linux havina nguvu ya kuwaka, na mafolda ya kweli yaliyofichwa yanaonekana tena.

Sababu ya tatu inagusa dhamiri, nasi tunaisema kwa unyenyekevu. Windows nyingi katika ofisi zetu ni za wizi. Kijana wa duka aliiweka kwa dola chache, pamoja na programu ya kuvunja kufuli, na mara nyingi programu ile ndiyo mlango wa virusi. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Bei ya leseni ni kubwa kwa parokia ya kijijini, na wengi hawakujua. Lakini sisi tunaofundisha watoto amri zilizo katika Kutoka 20 tusiseme kwamba amri inayokataza wizi inaishia mlangoni pa ofisi. Linux Mint inatolewa bure kwa haki. Unaweza kuinakili na kumpa jirani bila kumnyang'anya mtu jasho lake.

Basi mtu atauliza: kama ni nzuri hivyo, kwa nini tusiondoe Windows kabisa? Kwa sababu bado mna kazi ambazo mmezoea kuzifanya ndani yake. Labda mashini yenu ya kuchapisha inaelewana na Windows tu. Labda programu ya uhasibu mliyopewa na wafadhili haifunguki kwingine. Anayeweka mifumo miwili anajipa muda wa kujifunza bila kufunga ofisi.

Hatua ya kwanza: nakala, na nakala ya nakala

Kabla ya kugusa kitu chochote, nakili mafaili yote ya parokia mahali pawili nje ya kompyuta hiyo. Kwa mfano, diski ya nje moja na flashi moja, au flashi na kompyuta ya mchungaji. Usiweke zote mbili katika mfuko mmoja. Mwizi, moto au maji yakija, yatachukua zote kwa mara moja.

Halafu fanya jambo ambalo watu hulisahau: chomeka nakala katika kompyuta nyingine na ufungue mafaili yenyewe. Fungua kitabu cha ubatizo, shuka mpaka mstari wa mwisho. Faili ambalo halijafunguliwa halijahesabiwa kuwa nakala. Tumekwisha kuona flashi iliyoonyesha majina ya mafaili vizuri, lakini ndani yake mlikuwa hamna kitu.

Tunaomba pia vitabu vya ubatizo na vya ndoa vichapwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi walau mara moja kwa mwaka. Karatasi haihitaji umeme.

Usiendelee na hatua ya pili siku ile ile kama giza limeingia na umechoka. Kazi hii si ya haraka.

Hatua ya pili: ijue mashini yako

Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika *msinfo32*, halafu Enter. Dirisha litafunguka. Humo tazama mambo manne na uyaandike kwenye karatasi.

Aina ya mfumo: lazima iwe ya biti 64, inayoonekana kama «x64».

Kumbukumbu, yaani RAM: giga 2 ndiyo mwisho wa chini, giga 4 ni afadhali. Kwa mashini dhaifu chagua Linux Mint ya aina ya Xfce, iliyo nyepesi. Kwa mashini yenye nguvu zaidi chagua Cinnamon.

«Mode BIOS»: itaandikwa UEFI au «Hérité». Neno hili litakusaidia wakati wa kuwasha flashi.

Nafasi katika diski: Linux Mint inahitaji giga 20 kwa uchache. Sisi tunashauri giga 50 ili katibu apate nafasi ya kufanyia kazi.

Angalia pia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Katika kompyuta nyingine Windows huifunga diski yenyewe bila mwenye mashini kujua. Kama imefungwa, kuna ufunguo wa tarakimu 48. Utafute na kuuandika kwenye karatasi kabla ya kuendelea, kisha uzime kifungo hicho katika mipangilio ya Windows na ungoje mpaka diski ifunguliwe yote. Bila hivyo Windows inaweza kukudai ufunguo huo siku ya pili, na asiye nao amefungiwa nje ya nyumba yake.

Hatua ya tatu: kupata Linux bila kumaliza mega

Faili la Linux Mint lina uzito wa karibu giga 3. Kwa bei ya intaneti ya kwetu, hiyo ni sadaka. Hakuna haja ya kila parokia kuipakua. Mmoja apakue kutoka tovuti yenyewe ya Linux Mint, na wengine wanakili kwake kwa flashi. Hakuna sheria inayokataza.

Lakini faili likipita mikono mingi laweza kuharibika, au mtu mbaya akatia kitu ndani. Tovuti ya Linux Mint inaonyesha alama ndefu ya herufi na tarakimu kwa kila faili, inayoitwa SHA256. Katika Windows, fungua dirisha la amri pale faili lilipo na andika *certutil -hashfile* kisha jina la faili, kisha *SHA256*. Alama itakayotoka ilingane na ile ya tovuti, herufi kwa herufi. Isipolingana, tupa faili hilo.

Sasa tafuta flashi ya giga 8 ambayo haina kitu cha maana, kwa kuwa itafutwa yote. Katika Windows tumia programu ndogo ya bure inayoitwa Rufus. Ionyeshe flashi, ionyeshe faili la Linux, mengine uyaache kama inavyoyapendekeza, halafu ianze. Kunakili faili kwa mkono hakutoshi, kwa sababu flashi lazima iandikwe kwa namna ya kuweza kuwasha kompyuta.

Hatua ya nne: kujenga ukuta

Ukuta wa kugawanya diski tunaujenga tukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa kuwa Windows inajua vizuri mahali ilipoweka vitu vyake.

Bonyeza kwa upande wa kuume kwenye alama ya Windows chini ya skrini, chagua «Gestion des disques». Utaona diski imechorwa kama sanduku lenye vyumba. Bonyeza kwa upande wa kuume kwenye chumba cha C:, chagua «Réduire le volume». Itakuuliza mega ngapi za kupunguza. Kwa giga 50 andika 51200. Ikimaliza, utaona chumba kipya chenye maneno «Non alloué». Kiache hivyo hivyo, usikipe jina wala herufi.

Kuna onyo moja kwa wale walioona neno «Hérité». Diski za namna hiyo kwa kawaida hazikubali zaidi ya vyumba vinne vikuu. Kama vinne vimekwisha kuwepo, simama hapo na umtafute mtu mwenye ujuzi. Usifute chumba usichokijua, hata kama ni kidogo. Vyumba vidogo ndivyo Windows inavyotumia kuwaka.

Halafu zima «démarrage rapide». Iko katika «Panneau de configuration», «Options d'alimentation», kwenye «Choisir l'action des boutons d'alimentation». Mpango huu unafanya Windows isizimike kabisa unapoizima, bali isinzie. Windows ikiwa imesinzia, Linux haiwezi kuandika salama katika chumba chake. Ukiisha, zima kompyuta kabisa.

Hatua ya tano: kujaribu kabla ya kuweka

Chomeka kompyuta kwenye umeme. Mnaotumia paneli za jua, fanyeni asubuhi, betri ya nyumba ikiwa imejaa na mchana uko mbele. Betri ya kompyuta yenyewe nayo iwe nzima. Umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, hasara ni kubwa.

Chomeka flashi, washa kompyuta, na papo hapo bonyeza mara nyingi kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia. Dell na Lenovo nyingi hutumia F12, HP hutumia Esc au F9, Asus hutumia Esc. Orodha ikitokea, chagua flashi yako. Kama ulisoma UEFI katika hatua ya pili, chagua mstari wa flashi wenye neno UEFI.

Linux Mint itawaka kutoka flashi bila kugusa diski yako. Huu ni wakati wa kujaribu. Je, intaneti ya wifi inashika? Sauti inatoka? Mwanga wa skrini uko sawa? Kaa nayo saa nzima, mwite katibu naye aone. Kama haikupendezi, zima, ondoa flashi, na Windows yako itawaka kama jana.

Angalieni kibodi. Kompyuta nyingi za kwetu zina vitufe vya Kifaransa, vyenye kuanza na A-Z-E-R-T-Y. Nyingine, zilizotoka Uganda au Dubai, zinaanza na Q-W-E-R-T-Y. Ukichagua vibaya, ukibonyeza A itatoka Q. Ndipo watu wanaandika neno la siri wasilolijua, na kesho yake wanashindwa kuingia. Andika maneno machache katika nafasi ya kujaribu kabla ya kwenda mbele.

Hatua ya sita: swali la maana kuliko yote

Ukiridhika, bonyeza mara mbili alama ya kuweka Linux Mint iliyo kwenye skrini. Chagua lugha, chagua kibodi. Baada ya hapo itakuja dirisha lenye mistari mitatu au zaidi. Hapa ndipo sisi tulipoanguka. Tafadhali ondoa mkono wako kwenye mashini na usome.

Mstari mmoja unasema «Installer Linux Mint à côté de», pamoja na jina la Windows yako. Maana yake ni kukaa kando ya Windows. Huo ndio unaoutaka.

Mstari mwingine unasema «Effacer le disque et installer Linux Mint». Maana yake ni kufuta diski yote: Windows, picha, vitabu, kila kitu. Usiuguse.

Wa tatu unasema «Autre chose». Huo ni wa wenye ujuzi wa kugawanya diski kwa mkono.

Na kama mstari wa kwanza haupo kabisa? Basi Linux haijaiona Windows yako. Pengine uliwasha flashi bila UEFI, au diski bado imefungwa, au Windows imesinzia. Usijiambie kwamba utachagua ule wa pili kwa kuwa ndio uliobaki. Toka, zima, rudi hatua za nyuma. Kutoka hapo bado hakuna kilichoharibika.

Kabla ya kuandika, mashini itakuonyesha muhtasari wa mabadiliko. Hakikisha chumba cha Windows hakitajwi kuwa kitaandikwa upya. Mtu wa pili ausome pamoja nawe kwa sauti. Kwetu sasa ni kanuni: hakuna anayebonyeza akiwa peke yake.

Kisha itakuuliza uko wapi ulimwenguni. Sisi wa mashariki tuchague Lubumbashi, si Kinshasa, maana saa ya Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Mwisho, andika jina na neno la siri, halafu subiri. Ikimaliza, ondoa flashi na uiwashe upya.

Siku za kwanza

Utaona orodha fupi: mstari wa juu ni Linux Mint, chini yake kuna Windows. Chagua kwa mishale. Usipochagua, baada ya sekunde chache Linux itawaka yenyewe. Ingia kwanza katika Windows uone kwamba mafaili yote yapo. Ndipo umshukuru Mungu.

Mambo haya madogo yanasumbua wengi, tunayataja ili msiogope.

Saa ya Windows inaweza kuwa nyuma kwa saa mbili. Si ugonjwa. Mifumo hii miwili haisomi kwa namna moja saa iliyo ndani ya mashini. Fungua dirisha la amri la Linux, andika *timedatectl set-local-rtc 1*, na urekebishe saa mara moja. Katibu wa ibada asije akapiga kengele saa mbili baadaye.

Siku moja, baada ya Windows kujirekebisha, orodha inaweza kupotea na Windows ikawaka moja kwa moja. Linux haijafutwa. Bonyeza tena kile kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia na utafute jina «ubuntu». Linux Mint hujiandikisha kwa jina la mzazi wake.

Mkitaka kuondoa Linux, msifute chumba chake tu, kwa sababu orodha ya kuwashia inakaa humo na kompyuta inaweza kushindwa kuwaka. Tafuteni msaada kwanza.

Kwa kazi za ofisi, ndani ya Linux Mint mtakuta LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word na Excel. Barua iliyopambwa sana inaweza kusogea kidogo, basi iangalieni kabla ya kuichapa. Kwa ibada kuna OpenLP, programu ya bure ya kuonyesha nyimbo na masomo ukutani kwa projekta. Kwa kusoma Biblia kuna Xiphos. Kwa wanaorekodi korali na mahubiri ya redio kuna Audacity. Vyote hivi ni halali na havidai leseni ya kununua.

Juu ya flashi, tusijidanganye. Virusi vya Windows haviwaki katika Linux, lakini flashi inaweza kuvibeba mpaka kwa jirani. Ukiona faili lisilojulikana linaloishia na *.exe* au *.lnk* katika flashi ya parokia, lifute kabla ya kumpa mwingine.

Nani aifanye kazi hii?

Tunashauri kila parokia iwateue watu wawili: kijana mmoja anayejua mashini, na mtu mzima mmoja anayejua thamani ya kilichomo. Kijana peke yake ana haraka, kama sisi siku ile. Mzee peke yake ana hofu, na mashini yenye virusi itaendelea kula vitabu kidogo kidogo. Wakikaa wawili mezani, mmoja anabonyeza na mwingine anauliza: «Nakala ziko wapi? Umezifungua?»

Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Kwa kazi hii gharama si dola. Ni asubuhi moja, flashi mbili au tatu, na uvumilivu wa kusoma mstari mmoja mpaka mwisho kabla ya kuubonyeza.

Yule katibu tuliyemkosea anatumia mifumo yote miwili sasa. Windows anaifungua kwa ajili ya mashini ya kuchapisha tu. Vitabu vyake vipya vya ubatizo anaviandika katika Linux, anavinakili kila Jumamosi katika flashi mbili, na moja anaipeleka nyumbani kwa mzee wa kanisa. Tulipomtembelea hivi karibuni, alitufungulia faili akashuka mpaka mistari ya miaka ile miwili. Kati ya majina tuliyoyaokoa kuna nafasi tupu, ameziacha makusudi. Alituambia kwamba siku moja wenye majina hayo watarudi, na nafasi zao zinawangoja.

Bwana awape hekima ya kulinda mlichokabidhiwa.